Unapohama na Watoto, Anza na Mchanga Watakaouchezea

Kila mwisho wa mwezi, na zaidi Desemba shule zikishafungwa, mikokoteni hupishana hapa Mombasa kwenye njia ya kutoka steji ya Kwa Jomvu kwenda Jomvu Kuu. Juu kuna vitanda vilivyofunguliwa, magodoro yaliyofungwa kamba, mtungi wa gesi, televisheni iliyofunikwa blanketi na karai limejaa sufuria. Nyuma anafuata mama, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kamshika mkono. Wengine wanatoka kisiwani, Majengo au Tudor, ambako kodi imewashinda. Wengine wanatoka Likoni au Kisauni kwa kuchoshwa na safari ya kazini. Wengine wamefika kutoka bara baada ya baba kupata kibarua kwenye yadi za makontena au bandarini. Wote wanatafuta kitu kimoja: pahali pa kulea watoto bila mshahara kuishia kwenye kodi.

Nimesikia mara nyingi mazungumzo yanayotangulia safari hiyo, mpangaji anapooneshwa chumba. Maswali huwa yale yale. Kodi ni ngapi? Dipoziti ni ya mwezi mmoja au miwili? Stima ni ya tokeni au tunachangia? Maji yanakuja siku gani? Choo ni cha ndani au cha ploti nzima? Ni maswali ya maana, na asiyeyauliza atajuta. Lakini kuna mengine mawili ambayo sijayasikia yakiulizwa ipasavyo: ardhi hii na jirani zake wa pembeni ni salama kwa mtoto wa miaka mitatu? Na huyu wa miaka sita atafikaje darasani kwa miguu yake mwenyewe?

Msimamo wangu ni huu. Mzazi anayehamia upande huu wa Jomvu, Mikindani, Miritini na Changamwe akiwa na watoto wadogo aanze na mchanga watakaouchezea, kisha njia watakayopita, kisha shule, na kodi aiache ya mwisho. Najua wengi wetu hupanga kinyume: kodi kwanza, halafu jina la shule lenye sifa, na mengine tunamwachia Mungu. Mpango huo wa kinyume umeshatutoza bei kubwa, na ushahidi hauko mbali.

Yaliyotokea Owino Uhuru

Mtaa wa Owino Uhuru uko Mikindani, ndani ya eneo bunge hili hili la Jomvu. Ni mtaa wa watu takriban 3,000, wenye nyumba za udongo na mabati na kodi ndogo kwa mwenye kipato kidogo. Mwaka 2007, ubavuni mwa nyumba hizo, kilianza kufanya kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi ukawa unaingia majumbani. Maji machafu yakateremka mitaroni ambamo watoto walikuwa wakichezea. Wakazi wakaona mabati ya paa yakiliwa na kutoboka, kuku wakifa, watoto wakikohoa na kutapika, na akina mama wakiharibikiwa na mimba.

Aliyelifumbua jambo hilo ni mama. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa na kiwanda chenyewe. Mwanawe mchanga, aliyekuwa bado ananyonya, akaugua, na hospitali ilipompima ikakuta madini ya risasi damuni. Omido akaacha kazi, akaanza kuwapeleka watoto wa mtaa wakapimwe, akaandamana, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Hesabu miaka hiyo kwa umri wa mtoto. Aliyezaliwa Owino Uhuru moshi ulipoanza alikuwa na miaka 17 hukumu ya mwisho ilipotolewa. Haki imepatikana, nami nawapongeza walioipigania. Lakini fedha ya fidia hairudishi akili iliyodumazwa utotoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi damuni kinachojulikana kuwa salama. Linasema pia kwamba mwili wa mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya risasi ambayo mtu mzima angefyonza akiimeza sawa naye. Na mtoto wa miaka miwili humeza vumbi kila siku. Anatambaa, anachezea mchanga, anatia vidole mdomoni. Madhara yake huonekana baadaye darasani: mtoto hatulii, hashiki anachofundishwa, na mwalimu humwita mzembe.

Watafiti wa afya walipowapima watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2015, waliwalinganisha wa Owino Uhuru na wa Bangladesh, mtaa mwingine wa kipato cha chini jirani. Wazazi wa pande zote mbili wana hali moja ya maisha na wanapanda matatu za barabara moja. Hata hivyo wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa Bangladesh. Tofauti haikuletwa na mapenzi ya mzazi wala bidii yake. Ililetwa na mahali nyumba iliposimama.

Sisemi kwamba kila ploti ya Jomvu Kuu ina sumu. Sehemu kubwa ya mtaa huu ni ya miembe, minazi na upepo wa mkono wa bahari wenye mikoko. Lakini tunaishi kando ya viwanda, godauni, gereji za malori na yadi za makontena, na mipaka yao na nyumba zetu mara nyingi ni ukuta mmoja tu. Basi tembea uzunguke kabla ya kutoa dipoziti. Nenda asubuhi, urudi jioni, maana kuna moshi unaotoka usiku tu. Tazama mabati ya jirani: yameliwa mapema kuliko umri wake? Fuata mtaro ujue unatoka wapi. Nusa. Muulize mama anayefua pale kisimani watoto wake wanaugua nini mara kwa mara. Kuuliza si ujinga.

Na uliza pia ardhi ni ya nani. Mei 2015, wakazi wa Deep Sea hapa Jomvu walibomolewa nyumba na biashara zao ili kupisha upanuzi wa barabara kuu ya Mombasa, na zaidi ya familia mia moja ziliathirika. Mtoto anayelala nje katikati ya muhula hapotezi godoro peke yake, bali hupoteza sare, madaftari na rafiki wa dawati. Chumba kilichojengwa ndani ya hifadhi ya barabara, chini ya nyaya za stima au juu ya njia ya maji ya mvua huwa na kodi nafuu kwa sababu maalumu, na mwenye nyumba anaijua sababu hiyo.

Njia ya kutoka kitandani hadi dawatini

Barabara kuu ya kwenda Nairobi inaugawa upande huu vipande viwili. Malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupita usiku na mchana. Reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria hadi kituo cha Miritini mwaka 2017, na mizigo ikafuata, wengi walitarajia malori yatapungua. Yalipungua kweli, na familia za madereva na mafundi zikaumia. Kisha Septemba 2022 Rais William Ruto akaagiza shughuli za mizigo zirudi Mombasa, na trela zikarudi. Kwa ajira ni neema. Kwa mtoto wa gredi ya kwanza anayevuka kwenda shule ng'ambo, maana yake ni kukadiria mwendo wa trela la tani nyingi, kazi ambayo hata mtu mzima huikosea.

Ndiyo maana nasisitiza: ukichagua nyumba, chagua upande wa barabara ilipo shule. Ikiwa mtoto lazima avuke, itembee njia hiyo pamoja naye saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ile atakayopita yeye. Angalia kuna daraja la waendao kwa miguu, tuta, au mtu mzima anayesimamisha magari. Angalia njia wakati wa masika, maana kijito cha Januari huwa mto mwezi Mei.

Wazazi wengi hujibu kwamba akademi wanayoitaka ina basi. Basi hilo nalijua. Saa kumi na moja na nusu, giza bado, lipo barabarani likipiga honi. Mtoto wa chekechea ameketishwa dirishani, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, uji wake ameubeba kwenye chupa kwa kuwa hakuwa na muda wa kuunywa. Atazungushwa Mikindani, Changamwe na Chaani kabla ya kufika. Atarudi jioni amechoka, atakula akisinzia, alale bila kucheza. Miaka ya utoto ni ya kucheza na kulala vya kutosha, na hakuna masomo ya ziada yatakayofidia usingizi huo.

Asiyeweza basi humpandisha mtoto bodaboda. Piga hesabu ya kawaida. Nauli ya shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, kwa siku 20 za masomo, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Ikiwa ulihamia nyumba ya mbali ili kuokoa shilingi 1,500 za kodi, tayari umepoteza 500, na mtoto yuko juu ya pikipiki bila kofia, wa tatu kwa watoto wanne. Rahisi imekuwa ghali. Na akianguka au akipandwa na homa saa nne asubuhi, utafika baada ya muda gani? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Shule ya karibu yenye mwalimu wa kawaida, ambayo mama anaweza kuifikia kwa dakika kumi akiwa na kanga begani, humfaa mtoto mdogo kuliko shule yenye sifa iliyo safari ya saa nzima.

Shule si maksi peke yake

Zamani kazi ya kuchagua shule ilionekana nyepesi. Tulisoma wastani wa shule katika mtihani wa KCPE wa kumaliza darasa la nane, tukaamua. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa mtoto anaanza na miaka miwili ya chekechea, anaendelea na sita ya msingi, na tangu 2023 gredi za 7, 8 na 9 za sekondari msingi zimewekwa katika shule zile zile za msingi. Jumla ni miaka 11. Mtoto wa miaka minne unayemwandikisha leo anaweza kutokea kwenye geti hilo hilo akiwa na ndevu za kwanza. Je, uamuzi wa miaka 11 ufanywe kwa kutazama rangi ya sare?

Nenda shuleni bila miadi, siku ya masomo, wakati wa mapumziko. Tazama choo cha watoto wadogo, si cha walimu. Fungua mfereji. Mji wetu hutegemea maji ya kutoka mbali, Baricho, Mzima na Marere, na yakikatika huku hukatika siku nyingi. Shule isiyo na tangi la akiba itakurudishia mtoto mwenye tumbo la kuendesha. Tazama jengo. Septemba 2019 darasa la Precious Talent kule Dagoretti, Nairobi, liliporomoka na kuua watoto. Lilijengwa kwa mbao na mabati kwa sababu familia za pale zilihitaji shule ya karibu na ya bei ndogo, na nani angewalaumu? Lakini ukaribu bila usalama si ukaribu tunaoutetea.

Kisha mwombe mtoto wa gredi ya tatu akusomee hadithi fupi ya gredi ya pili. Hicho ndicho kipimo kilichotumiwa na watafiti wa mradi wa Uwezo, unaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walipozunguka nyumba kwa nyumba nchini mwetu, na miaka ya mwanzo waliwakuta takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu wanaoweza kazi ya darasa la pili. Dakika tano za kumsikiliza mtoto zitakuambia ukweli ambao bango la getini haliwezi kukuambia.

Sikiliza pia lugha. Mtaala wetu unaelekeza watoto wa chekechea hadi gredi ya tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Jomvu Kuu lugha hiyo ni Kiswahili, na ni kwa Kiswahili mtoto wetu huuliza, hukisia, hubisha na kuelewa. Shule inayomwadhibu mtoto wa miaka mitano kwa kuomba maji kwa lugha ya mamake inamfundisha kunyamaza. Na ikiwa unasikia fimbo, ondoka. Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001.

Umri wa mtoto haungoji

Wapo wanaosema, "Tukae hapa kwanza, tutahama tukipata." Nawaelewa. Lakini umri wa mtoto una uzito wake. Marekani, kuanzia mwaka 1994, serikali ilizisaidia kwa kura familia maskini za Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York kuhamia mitaa yenye umaskini mdogo. Mwanauchumi Raj Chetty na wenzake walipowafuatilia watoto hao walipokua, wale waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao waliobaki kwa takriban asilimia 31. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo. Kila mwaka wa utoto katika mtaa mwema uliongeza kitu. Chicago si Jomvu, lakini mtoto ni mtoto, na wazee wetu waliligundua hilo bila takwimu waliposema samaki mkunje angali mbichi.

Mkono mmoja haulei mwana

Mtaa mwema kwa mtoto ni ule ambao watu wazima wanamjua kwa jina. Jomvu Kuu ni mji wa kale. Wajomvu wamo katika Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, na wamisheni wa Kimethodisti walijenga hapa tangu karne ya 19. Wapo wazee wanaojua kila kisima, kila shamba lilikuwa la nani na kila kiwanda kilianza lini. Usipite mbele yao kama mgeni wa hoteli. Bisha hodi, amkia, eleza kwamba una watoto. Muulize mzee wa nyumba kumi. Muulize ustadhi wa chuo ambako watoto hukaa alasiri, au mwalimu wa shule ya Jumapili. Muulize mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba: yeye anajua ploti gani ina kuhara kila masika. Muulize mama wa mahamri alfajiri, kwa kuwa anaona nani anapita na kwa hali gani. Watu hawa watakupa katika siku moja habari ambayo hakuna dalali atakayekupa kwa mwaka.

Na ukishahamia, nawe uwe macho ya mtaa. Mtoto wa jirani akionekana barabarani saa za masomo, mrudishe. Mama anayefanya kazi ya zamu kwenye viwanda vya EPZ au bandarini hawezi kulea peke yake, na hapaswi kuachwa peke yake.

Na asiye na cha kuchagua?

Najua jibu nitakalopewa: mchagua nazi hupata koroma. Maskini hachagui, hukaa palipopatikana. Hoja hii nzito siwezi kuipita. Walioishi Owino Uhuru hawakuwa wajinga. Walikaa pale walipoweza kulipia, na kiwanda kikawafuata.

Kwa hiyo nasema mambo mawili. Kwanza, hata kwa kodi ndogo mara nyingi kuna vyumba viwili au vitatu vya bei sawa, umbali wa mwendo mfupi, kimoja kando ya yadi na kingine ndani ya mtaa. Kuuliza hakulipiwi, na mwendo wa jioni moja unaweza kuokoa afya ya mtoto. Pili, na hili ndilo kubwa, mzigo huu usiachwe begani mwa mama mwenye mkokoteni. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chekechea nazo ni jukumu la kaunti kwa katiba hiyo hiyo.

Basi serikali ya kaunti na mamlaka ya mazingira ziweke wazi, kwa Kiswahili na kwenye ubao wa kila ofisi ya chifu na ya wadi, orodha ya viwanda vyenye leseni, vinashughulika na nini na vilipimwa lini. Udongo wa viwanja vya shule na chekechea zilizo karibu na viwanda upimwe, na majibu wasomewe wazazi. Kila shule iliyo kando ya barabara kuu iwe na pahali salama pa kuvukia kabla ya mtoto mwingine kugongwa. Pawe na chekechea ya umma ambayo mtoto wa miaka minne anaweza kuifikia kwa miguu kutoka kila kona ya Jomvu Kuu. Wenye nyumba nao waseme kweli kuhusu ploti zao, kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, na katika jambo hili anayeumia kwanza ni mtoto asiye na hatia.

Kikao cha wananchi kuhusu bajeti ya kaunti hufanyika kila mwaka, na kwa kawaida viti vya mbele hukaliwa na wanaume wanaozungumzia barabara na masoko. Mwaka huu nawaomba wazazi waliohamia na wanaokusudia kuhamia huku waende wakiwa wengi, na watoto wao mkononi, waulize mambo manne: udongo, maji, kivuko na chekechea. Wasiondoke mpaka majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na mwaka ujao warudi kuuliza kilichofanywa.